Mvua ina njia yake, nasi tuna maneno yake

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Hawakutuambia dalili ya mawingu ni nini. Yamkini waliona kwamba swali hilo ni la kuachiwa vizazi vitakavyokwenda shule. Vizazi hivyo vimekwenda shule, vimefanya mitihani na kupita, lakini nina shaka kama vimelijibu.

Jumapili moja mpwa wangu, aliye katika gredi ya saba, alinionyesha kwa fahari mchoro uliompatia alama zote. Ulikuwa mchoro wa mzunguko wa maji: bahari chini, jua pembeni, wingu juu, na mishale ikipanda na kushuka. Aliitaja mishale hiyo kwa Kiingereza bila kukwama: ivaporesheni, kondensesheni, presipitesheni. Nilimpongeza. Kisha tukaingia jikoni, ambako mama yake alikuwa amefunika sufuria ya wali. Nilikiinua kifuniko, nikamwonyesha matone yaliyojipanga upande wake wa chini, nikamwuliza maji yale yamefikaje pale. Alikitazama kifuniko, akanitazama mimi, kisha akasema, "Mjomba, hiyo hatujafundishwa."

Mtoto huyu si mjinga, wala mwalimu wake si mvivu. Amefundishwa jambo lile lile alilokuwa akilitazama, ila kwa maneno yasiyo na jiko, yasiyo na kifuniko, yasiyo na asubuhi yenye umande wala jioni yenye ngurumo. Maneno yale yameishi daftarini na yatafia daftarini. Dai langu ni kwamba tunapolifundisha somo la mvua kwa maneno ambayo mtoto hawezi kuyaunganisha na maisha yake, tunamnyima maarifa ambayo siku moja huenda yakaokoa uhai wake. Ni kosa la lugha kabla ya kuwa kosa la sayansi, na mimi, ambaye kazi yangu ni lugha, nitajaribu kuonyesha kwamba maneno tunayo.

Tuanze na jua. Maji ya bahari, ziwa na mto, na hata ya shuka iliyoanikwa kambani, yanapopata joto, baadhi ya chembe zake hupata nguvu za kujinasua na kuingia hewani. Hapo maji yamekuwa mvuke. Mimea nayo huunywa unyevu kwa mizizi na kuutoa kwa majani, hata msitu mkubwa ukawa kama ziwa lililosimama wima. Mvuke halisi hauonekani kwa macho. Ule "moshi" mweupe tunaouona juu ya kikombe cha chai ni matone madogo mno, yaani mvuke ambao umekwisha kupoa na kurejea kuwa maji.

Kazi hii ya jua ni ya gharama kubwa. Kugeuza lita moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunahitaji joto la karibu mara saba ya lile lililotumika kuyachemsha kutoka nyuzi 20. Joto hilo halipotei. Mvuke huondoka nalo kama msafiri aliyefunga akiba yake kibindoni, kisha huitoa huko juu unapogeuka tena kuwa matone. Akiba hiyo ndiyo inayolitunisha wingu la radi. Anayestaajabu jinsi anga tulivu ya saa sita inavyoweza kunguruma saa kumi, na akumbuke kwamba jua la asubuhi nzima lilikuwa likiwekwa akiba.

Hewa inapopanda hutanuka, na inapotanuka hupoa. Hewa kavu hupoa kwa takriban nyuzi 10 kwa kila mita 1,000 inazopanda. Kadiri inavyopoa ndivyo mvuke uliomo unavyoshindwa kubaki mvuke. Hushikamana na vumbi, chumvi ya bahari au chembe za moshi, ukawa matone. Wapo waundaji wa istilahi walioliita tendo hili mtonesho, na ni neno zuri, kwa kuwa hata asiyelijua hulisikia tone ndani yake. Tendo hilo likitukia juu ya majani yaliyopoa usiku, tunaliona kama umande. Likitukia hewani karibu na ardhi, ni ukungu. Likitukia juu angani, ni wingu. Likitukia chini ya kifuniko cha sufuria, ni yale matone yaliyomshinda mpwa wangu.

Basi karibu kila aina ya mvua tuijuayo ni jawabu la swali moja: ni nini kilichoipandisha hewa hii, na kwa nguvu gani? Mwalimu anayelishika swali hili anaweza kuizunguka nchi nzima ya Kenya bila kuondoka darasani.

Tazama Mlima Kenya. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi huupiga mlima huo upande wa mashariki na kusini-mashariki, zikalazimika kupanda, zikapoa, zikaumwaga mzigo wao. Ndiyo maana nchi ya Embu, Chuka na Meru ina mashamba ya kijani. Hewa hiyo hiyo ikiuvuka mlima na kuteremka upande wa Laikipia, hupata joto na kukauka, na mfugaji wa huko hulitazama wingu lililokwama mlimani kama mtu anayetazama chakula kupitia dirishani. Mlima ni mmoja na upepo ni mmoja. Tofauti ni kupanda na kushuka.

Tazama pia Ziwa Victoria. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda, na upepo wa ziwani huja kuijaza nafasi yake, ukibeba mvuke. Alasiri ngurumo husikika Kisii, Kakamega na Kericho. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, upepo hushuka kuelekea ziwani, na dhoruba hupiga huko huko majini, wakati mvuvi yumo ndani ya mashua yake. Takribani asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani humo ni mvua inayonyesha moja kwa moja juu yake, na sehemu kubwa ya maji hayo huondoka kwa njia ya mvuke kabla ya kuuona mto wa Nile.

Kericho na Nandi zina jambo jingine. Upepo wa ziwani hukutana huko na upepo wa mashariki juu ya ardhi iliyoinuka tayari, na hewa hupanda kwa nguvu nyingi mno. Matone husukumwa hadi penye baridi ya kugandisha, yakavikwa barafu tabaka baada ya tabaka, mpaka uzito wake ukaushinda upepo unaoyainua. Kwa kuwa ardhi iko juu, barafu hiyo haina safari ndefu ya kuyeyukia. Huanguka ikiwa mawe na kuyararua majani ya chai. Kwa upande mwingine, Limuru ya mwezi Julai haina vurugu hizo. Ni majira ya kipupwe. Wingu hutanda chini, pana, lisilo na nguvu za kupanda, na kinachopatikana ni manyunyu. Manyunyu, rasharasha, mvua ya mawe na gharika si visawe vya kubadilishana ili kuupamba mtungo. Kila moja ni habari kuhusu hewa ilivyopanda.

Majira nayo tunayo majina yake, na majina hayo yana sayansi ndani yake. Mabaharia wa pwani yetu walijua kwamba kaskazi huvuma miezi hii na kusi miezi ile, wakapanga safari za majahazi kwa kalenda hiyo. Pepo za upande wa kaskazini na zile za upande wa kusini hukutana katika ukanda ambao hulifuata jua linapohama. Zinapokutana hazina pa kwenda ila juu. Ukanda huo hupita kwetu mara mbili kwa mwaka: Machi hadi Mei tukapata masika, Oktoba hadi Desemba tukapata vuli. Mtoto anayejua kwa nini kaskazi na kusi hukutana amekwisha kuelewa kwa nini tuna misimu miwili ya mvua.

Kisha maji hushuka, na hapa ndipo mchoro wa daftarini huwa maskini kuliko pote, kwa sababu mshale mmoja tu huonyeshwa ukirejea baharini. Husemwa kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Kwa hakika huzoleka, na mzoaji wake ni jua. Kwa wastani mvuke hukaa angani takribani siku tisa kabla ya kushuka tena. Lakini mengine hayana haraka hiyo. Mvua inayonyesha juu ya vilima vya Chyulu huzama katika miamba ya volkeno, ikasafiri chini ya ardhi, ikaibuka katika chemchemi za Mzima, na sehemu yake ikaelekezwa kwa mabomba hadi Mombasa. Kwa hiyo kuna mkazi wa mji wa pwani, uliozungukwa na maji ya chumvi, anayekunywa mvua iliyonyesha mbali vilimani, siku ambazo yeye hakuona wingu.

Msomaji atauliza: haya yote ni mazuri, lakini uhai wa mtu umeingiaje hapa? Nitatoa mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni neno El Nino. Ni la Kihispania, na maana yake ni mtoto wa kiume. Wavuvi wa Peru waliliita hivyo joto la bahari lililowafikia karibu na Krismasi, wakimkumbuka mtoto Yesu. Ni jina la bahari, tena ya Pasifiki. Sisi tulilipokea pamoja na mafuriko ya mwaka wa 1997 na 1998, na tangu hapo, vinywani mwetu, El Nino si bahari tena. Ni mvua kubwa. Lugha huazima, na neno la kuazima hubadilika maana. Jambo hilo pekee halinitii wasiwasi. Wasiwasi wangu ni kwamba neno hili limekifunika chanzo kingine kilicho karibu nasi zaidi, yaani Bahari ya Hindi.

Mwaka wa 2015 El Nino ya Pasifiki ilikuwa miongoni mwa zile zenye nguvu kuliko zote zilizopimwa, lakini Kenya haikupata gharika iliyohofiwa. Mwaka wa 2019 hakukuwa na El Nino ya kutajika, hata hivyo mvua ya vuli ilivunja madaraja, na mnamo Novemba maporomoko ya ardhi yakaua makumi ya watu Pokot Magharibi. Sababu ni kwamba maji ya Bahari ya Hindi ya upande wa Afrika yalikuwa yamepata joto kuliko yale ya upande wa Indonesia, na mvuke mwingi ukaelekea kwetu. Mwaka wa 2023 hali zote mbili zilikutana. Mnamo Oktoba mwaka huo tulibishana hadharani kama El Nino itakuja au haitakuja. Tulikuwa bado tukibishana kuhusu jina, mvua ikaja, na maji yakawafurusha watu Garissa, Mandera na Tana River. Taifa linalongoja mvua kwa jina moja tu halitaijua itakapokuja kwa jina jingine.

Mfano wa pili ni neno dogo zaidi: kawaida. Utabiri wa msimu hutuambia kwamba sehemu fulani inatarajiwa kupata mvua ya kiwango cha kawaida, au zaidi, au chini ya kawaida. Kwa mtaalamu, kawaida ni wastani wa miaka mingi wa mahali hapo. Kwa mkulima, kawaida ni mvua ya kutosha kuivisha mahindi. Kawaida ya Garissa haiivishi mahindi, na kawaida ya Kericho ingeizamisha Garissa. Zaidi ya hayo, msimu unaweza kufikia wastani wake kwa mvua ya siku chache za ghadhabu, zikifuatwa na wiki nyingi za jua kali. Mtu aliyeambiwa "kawaida" akapanda, kisha akavuna mabua, huwaita watabiri waongo. Hawakusema uongo, walitumia neno lake kwa maana yao. Baada ya misimu mitano mfululizo ya mvua haba, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, hatuna anasa ya kutoelewana na watu wanaotutabiria mvua.

Mfano wa tatu unauma. Usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, maji yaliteremka Mai Mahiu kwa ghafla na kuua makumi ya watu, wengi wao wakiwa usingizini. Mwanzoni ilisemekana kwamba bwawa limepasuka. Baadaye serikali ilieleza kwamba njia ya maji iliyo chini ya tuta la reli ilikuwa imeziba, maji yakakusanyika nyuma ya tuta, kisha yakajifungulia. Katika masika hayo zaidi ya watu 200 walipoteza maisha kote nchini. Siwalaumu marehemu, wala sidai kwamba somo moja la sayansi lingewaokoa wote. Nasema kwamba mshale ule mmoja wa daftarini, unaorudi baharini bila kupita kwenye tuta, korongo, mtaro wala mlango wa mtu, hautufundishi kutazama juu ya nyumba zetu na kuuliza: mvua ikinyesha kule, maji yatapita wapi?

Wapo watakaonipinga. Watasema kwamba Kiswahili hakina istilahi za sayansi. Wasemao hivyo hujisahaulisha kwamba Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka wa 1990, na kwamba jirani zetu wa Tanzania wamewafundisha watoto wa shule za msingi sayansi kwa Kiswahili kwa miongo mingi. Wengine watasema kwamba mtihani umeandikwa kwa Kiingereza. Ni kweli, na siombi Kiingereza kifukuzwe. Naomba kisitangulie. Mtoto na aelewe kwanza kwa lugha anayoiota, iwe Kiswahili au lugha ya mama yake, kisha apewe jina la Kiingereza kama mtu anavyopewa cheti cha kitu ambacho tayari ni chake. Katiba ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Lugha rasmi isiyoweza kueleza mvua ni rasmi kwa mihuri tu.

Kwa hiyo ninawasihi walimu wenzangu mambo machache, ambayo hayahitaji bajeti. Kabla ya kuchora mishale ubaoni, chemsheni maji na mfunike sufuria. Wapelekeni wanafunzi uwanjani asubuhi wauguse umande. Wapeni kopo lililonyooka na rula wapime mvua ya shule yao. Waambieni kwamba milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, kisha wapige hesabu: paa la mita 10 kwa 6 likinyeshewa milimita 50 hutiririsha lita 3,000. Na wajiulize lita hizo hukimbilia wapi. Wanafunzi nanyi waulizeni babu na nyanya zenu majina ya mvua katika lugha zenu, mkayaandike kabla hayajazikwa pamoja nao. Na wale wanaotuandalia utabiri, watuambie kwa Kiswahili kinyoofu: ni mvua kiasi gani, itanyesha lini, na "kawaida" ya hapa petu ni ipi.

Siku ile jikoni sikumpa mpwa wangu jibu. Nilikifuta kifuniko kwa kitambaa, nikakirudisha juu ya sufuria, nikamwambia angoje. Baada ya dakika chache alikiinua mwenyewe, akayaona matone yamerudi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hivyo, mjomba, sisi tunaishi chini ya kifuniko?" Katika mtihani jibu hilo lisingempatia alama hata moja. Mimi ningempa zote, kwa sababu hatimaye alikuwa ameanza kuiona mvua.